Thomas Midgley na Mlio wa Injini

Bila shaka umewahi kupanda gari kutoka Darajani kwenda shamba. Mjini gari huenda polepole, kwa kuwa njia imejaa watu, baiskeli na mikokoteni. Likifika Bububu na kushika njia ya kupandia Kijichi, dereva hukanyaga mafuta ili gari lipate nguvu. Ikiwa gari hilo linatumia petroli, na ikiwa injini yake ina kasoro tutakayoieleza, wakati huo huo utausikia mlio mkali na mwembamba, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Dereva akiinua mguu, mlio hunyamaza. Akikanyaga tena, mlio hurudi.

Mafundi husema kwamba injini inagonga. Jambo hilo halifai kupuuzwa, kwa sababu mgongo mkali ukiachwa muda mrefu huweza kuitoboa pistoni na kuiharibu injini nzima. Zaidi ya miaka 100 iliyopita mlio huo uliwasumbua mafundi wa nchi nyingi. Mtu aliyeutafutia dawa aliitwa Thomas Midgley. Katika sura hii utasoma habari za maisha yake. Utaona jinsi alivyofanya kazi ya sayansi kwa akili na subira. Utaona pia kosa kubwa alilolifanya, ambalo dunia ilichukua karibu miaka 100 kulisahihisha.

Kwa nini injini hugonga

Kwanza yakupasa ufahamu kazi ya injini ya petroli. Ndani ya injini mna silinda, na ndani ya kila silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Pistoni inaposhuka, silinda huvuta petroli iliyochanganyika na hewa. Pistoni inapopanda, mchanganyiko huo hubanwa katika nafasi ndogo sana. Hapo plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na gesi zenye moto huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Pistoni inapopanda tena, moshi hutolewa nje. Nguvu ile ya kusukuma ndiyo inayozungusha magurudumu.

Sasa chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini mara kadhaa kwa haraka. Gusa ncha ya pampu. Utaona kwamba imepata joto. Hewa ikibanwa hupata joto, na mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda hupata joto vivyo hivyo.

Katika injini iliyo nzuri, moto huanzia penye plagi ukaenea hatua kwa hatua, kama moto unaotambaa katika rundo la makumbi ya nazi. Lakini moto unapoenea, ule mchanganyiko ambao haujafikiwa huzidi kubanwa na huzidi kupata joto. Joto likipita kiasi, sehemu hiyo ya mwisho hulipuka yenyewe kwa ghafla, bila kungoja moto uifikie. Mlipuko huo huzipiga kuta za silinda kama nyundo. Huo ndio mlio unaousikia garini.

Dereva anapokanyaga mafuta, silinda hujazwa mchanganyiko mwingi zaidi, nao hubanwa kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu mlio husikika gari linapoongeza mwendo, linapopanda mlima, au linapobeba mzigo mzito.

Utoto na masomo yake

Thomas Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 katika mji wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani. Alikulia Columbus, katika jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa mvumbuzi, na mtoto alizoea kuona vitu vipya vikibuniwa. Alipokuwa kijana alisoma uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell, akahitimu mwaka 1911. Zingatia kwamba hakusomea kemia. Elimu ya kemia iliyompatia sifa baadaye aliipata kwa kujisomea na kwa kufanya majaribio.

Mwaka 1916 aliajiriwa katika maabara iliyokuwa katika mji wa Dayton, Ohio. Mkuu wake alikuwa Charles Kettering, mhandisi aliyebuni mtambo wa kuwasha injini za magari kwa umeme wa betri. Injini zilipogonga, watu wengi waliulaumu mtambo huo mpya. Tena Kettering na wenzake walitengeneza jenereta ndogo za kuleta taa katika nyumba za mashambani, na jenereta hizo zilipotumia mafuta ya taa ziligonga vibaya sana.

Ukitaka kujua thamani ya jenereta ndogo, waulize wazee wako habari za Unguja ilipokosa umeme mwaka 2008, na tena kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010. Watakueleza jinsi jenereta zilivyonguruma katika vichochoro vya Mji Mkongwe usiku na mchana. Kettering alimkabidhi Midgley kazi ya kutafuta sababu ya mlio ule.

Majaribio ya kwanza

Midgley hakuanza kwa kubahatisha. Alitaka kwanza kujua mlio hutokea wakati gani. Alitengeneza chombo chenye kioo kidogo kilichotikiswa na nguvu ya gesi ndani ya silinda. Mwanga ulioakisiwa na kioo hicho ulimwonyesha jinsi nguvu ya gesi inavyopanda na kushuka. Aliona kwamba mlio haukutokea kabla ya cheche, kama wengi walivyodhani. Ulitokea baada ya cheche, moto ukiwa umekwisha kuanza. Basi mtambo wa Kettering haukuwa na hatia. Sababu ilikuwa katika namna mafuta yenyewe yalivyowaka.

Midgley na Kettering walilijua ua moja la porini lenye majani mekundu, ambalo huchanua mapema wakati baridi ingali kali. Walidhani kwamba rangi nyekundu hulisaidia kufyonza joto. Wakajiuliza kama mafuta ya taa yakitiwa rangi nyekundu yangefyonza joto mapema na kuacha kugonga. Hawakuwa na rangi nyekundu iliyoweza kuyeyuka katika mafuta, lakini walikuwa na iodini, ambayo hutumiwa pia kuwa dawa ya vidonda. Midgley aliitia iodini katika mafuta, na injini ikaacha kugonga. Ilikuwa Desemba 1916.

Mtu mwenye haraka angeishia hapo na kutangaza kwamba rangi nyekundu ni dawa ya mlio. Midgley hakufanya hivyo. Alitafuta rangi nyingine nyekundu, akazijaribu moja moja. Injini ikagonga kama mwanzo. Kisha alijaribu kitu chenye iodini lakini kisicho na rangi. Injini ikanyamaza. Hivyo alitambua kwamba wazo la rangi lilikuwa la makosa. Kilichozuia mlio kilikuwa iodini yenyewe.

Jifunze jambo hili vizuri. Katika jaribio la haki tunabadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ili tujue kwa hakika ni kipi kilicholeta matokeo. Wazo letu likikataliwa na jaribio, tunaliacha, hata kama tulilipenda.

Kutafuta dawa

Iodini ilikuwa ghali, tena ilikula chuma. Midgley na wenzake walijaribu vitu vingi vingine kwa muda wa miaka mitano. Mwaka 1919 waliona kwamba anilini huzuia mlio, lakini harufu ya moshi wake ilikuwa mbaya. Walijaribu teluri, nayo ikafaa, lakini ilinuka kama kitunguu saumu, na harufu hiyo iliganda katika nguo na miili yao hata baada ya kuoga. Walijua pia kwamba spiriti, ambayo huweza kutengenezwa kwa miwa au nafaka, huzuia mlio ikichanganywa na petroli. Lakini spiriti ilihitajiwa kwa kiasi kikubwa, na kampuni moja isingeweza kudai kwamba ni mali yake peke yake.

Tarehe 9 Desemba 1921 walitia katika injini kimiminika kiitwacho tetraetili ya risasi. Mlio ukakoma mara moja. Sehemu moja tu ya kimiminika hicho katika sehemu zaidi ya elfu moja za petroli ilitosha. Bei yake ilikuwa ndogo, na kampuni iliyokitengeneza iliweza kukilinda kwa hataza. Tarehe 2 Februari 1923 petroli yenye dawa hiyo iliuzwa kwa mara ya kwanza mjini Dayton. Injini zenye nguvu zaidi ziliweza sasa kutengenezwa, na Midgley akapata sifa kubwa.

Kosa lake

Risasi ni metali nzito na laini. Huenda umeiona kwa wavuvi, ambao hufunga chubwi la risasi katika mshipi ili ndoana izame. Risasi ni sumu ikiingia mwilini. Sumu hiyo haikuwa siri, kwa maana ilijulikana tangu kale. Huharibu damu, figo na mishipa ya fahamu, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, kwa sababu ubongo wao ungali ukikua. Mtoto anayeingiwa na risasi, hata kidogo, huweza kupungukiwa na uwezo wa kujifunza.

Midgley mwenyewe aliugua mapema mwaka 1923 kwa sababu ya risasi aliyoivuta kazini. Ilimbidi aache kazi na kwenda Florida, mahali penye joto na hewa safi, ili apumzike. Mwaka 1924 wafanyakazi kadhaa waliotengeneza dawa hiyo walikufa. Mwezi Oktoba peke yake, wafanyakazi watano walikufa katika kiwanda kimoja cha New Jersey, baada ya kurukwa na akili. Wengine wengi walilazwa hospitali.

Tarehe 30 Oktoba 1924 Midgley alisimama mbele ya waandishi wa magazeti. Alijimwagia dawa ile mikononi, akaivuta harufu yake kwa muda wa dakika moja, ili kuwaonyesha watu kwamba haina madhara. Alifanya hivyo ilhali yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuugua. Fikiri juu ya tendo hilo. Je, lilikuwa jaribio la haki kama yale ya iodini? Sumu ya risasi hukusanyika mwilini siku baada ya siku. Dakika moja mbele ya watu haiwezi kuonyesha litakalompata mfanyakazi kwa mwaka mmoja, au mtoto anayecheza kando ya barabara kwa miaka kumi.

Mwaka 1925 madaktari na wenye viwanda walikutana kulijadili jambo hilo. Daktari Alice Hamilton, mtaalamu wa maradhi ya kazini, alipinga kutia risasi katika petroli. Uuzaji ulisimamishwa kwa muda, lakini ulianza tena mwaka 1926. Kisha petroli yenye risasi ilienea duniani kote, ikafika pia Afrika Mashariki. Kila gari lililopita liliacha risasi hewani, vumbini na udongoni.

Miaka yake ya mwisho

Mnamo mwaka 1928 Midgley na wenzake walitengeneza gesi ya majokofu iliyojulikana kwa jina la Freon. Gesi zilizotumiwa kabla yake ziliweza kuwadhuru watu zikivuja. Hii mpya haikuwaka moto wala haikuwadhuru watu nyumbani. Baadaye sana, mwaka 1974, wanasayansi walionya kwamba gesi za namna hiyo hupanda juu angani na kuliharibu tabaka la ozoni, linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalikubaliana mjini Montreal kuziacha polepole.

Tusimhukumu kwa mambo hayo mawili kwa kipimo kimoja. Habari ya ozoni hakuna aliyeijua wakati ule. Habari ya sumu ya risasi ilijulikana, naye aliijua.

Mwaka 1940 Midgley alipatwa na polio, akapooza miguu. Hakuacha kubuni vitu. Alitengeneza mpango wa kamba na kapi, mfano wa zile za jahazi, ili zimsaidie kuinuka kitandani. Alifariki nyumbani kwake Ohio tarehe 2 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka 55. Alikuwa amepewa nishani nyingi za kemia.

Risasi yaondolewa

Baada ya miaka mingi, vipimo vya wanasayansi na madaktari vilionyesha wazi kwamba risasi imeenea hewani na katika damu za watu. Nchi moja baada ya nyingine ikaanza kuikataza. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilikutana Dakar, Senegal, zikaazimia kuiacha. Kufikia Januari 2006 nchi zote za Afrika zilizo kusini ya Sahara, Tanzania ikiwa mojawapo, ziliacha kuuza petroli yenye risasi. Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, lilitangaza kwamba hakuna tena nchi iliyouza petroli hiyo kwa magari ya barabarani. Nchi ya mwisho kuiacha ilikuwa Algeria.

Je, injini zilirudi kugonga? La. Wataalamu walibadili namna ya kusafisha mafuta, wakapata petroli inayostahimili kubanwa bila risasi. Uwezo huo wa petroli hupimwa kwa namba ya oktani. Namba ikiwa kubwa, petroli huwa ngumu zaidi kulipuka yenyewe.

Namna fundi anavyotafuta kasoro

Injini ya leo ikigonga, fundi mwema hufuata njia ile ile ya Midgley alipokuwa na iodini. Huchunguza jambo moja, hulitengeneza, kisha hulijaribu gari kabla ya kugusa jambo jingine. Huanza na yaliyo rahisi.

1. Petroli. Fundi husoma kitabu cha gari ajue namba ya oktani inayotakiwa. Ikiwa petroli iliyotiwa ina namba ndogo, dereva hutakiwa kutia inayofaa.

2. Joto. Huangalia maji ya rejeta, feni na mipira ya kupitishia maji. Injini iliyopata joto kupita kiasi hugonga kwa urahisi. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji hayo huweza kumwunguza mtu.

3. Wakati wa cheche. Cheche ikitoka mapema mno, mchanganyiko hubanwa kupita kiasi. Katika magari ya zamani fundi huirekebisha kwa kuizungusha distributa kidogo. Magari mengi mapya yana kifaa kinachousikia mlio na kuchelewesha cheche chenyewe. Kifaa hicho kikiharibika hubadilishwa.

4. Plagi. Plagi isiyo ya aina inayotakiwa huweza kupata joto mno. Hubadilishwa kwa plagi inayofaa.

5. Petroli kidogo na hewa nyingi. Hewa ikivuja na kuingia, au njia ya petroli ikiziba, mchanganyiko huwa na petroli chache, na joto la silinda huzidi. Fundi huziba palipovuja na husafisha njia ya petroli.

6. Masizi. Masizi yakijaa juu ya pistoni hupunguza nafasi na hushika joto. Huondolewa kwa kusafishwa.

Kumbuka kwamba si kila mlio garini ni mlio huu. Injini ya dizeli hugonga kwa asili yake. Na mlio mzito usiokoma dereva anapoinua mguu huenda ukatokana na chuma kilicholika ndani.

Risasi haijatoka kabisa katika maisha yetu. Mna risasi ndani ya betri za magari. Usichezee betri mbovu, wala usikae karibu na mtu anayeivunja au kuiyeyusha. Ukigusa kitu chenye risasi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Thomas Midgley aliuliza swali moja kwa bidii kubwa: ni kitu gani kitakachozuia mlio? Alipata jibu. Swali la pili, yaani kitu hicho kitakwenda wapi kikisha kutoka katika bomba la moshi, aliulizwa na madaktari, naye hakulijibu kwa haki. Utakapobuni chombo au dawa siku moja, uliza maswali yote mawili.

Maswali

1. Eleza kwa maneno yako sababu ya injini ya petroli kugonga.
2. Kwa nini mlio huzidi gari linapopanda mlima?
3. Midgley alijuaje kwamba si rangi nyekundu iliyozuia mlio?
4. Taja sababu mbili zilizofanya risasi ichaguliwe badala ya spiriti.
5. Kwa nini tendo la Midgley la tarehe 30 Oktoba 1924 halikuwa jaribio la haki?
6. Fundi amebadilisha plagi, ametia petroli nyingine na amerekebisha cheche, yote kwa siku moja, na mlio umekoma. Je, anaweza kujua kasoro ilikuwa nini? Eleza.

Kazi ya kufanya

Pamoja na mwalimu wako, mtembeleeni fundi wa magari aliye karibu na shule. Mwulizeni ni kasoro ipi kati ya zile sita anayoikuta mara nyingi, na huitambua kwa dalili gani. Andika majibu yake katika daftari lako.